Sura ya Nne: Samaki wa Twalibu

Mwanamke asiyejua kama ni mke au mjane hajui hata avae nini. Shamila alimwambia Inspekta Awadhi maneno hayo mara ya kwanza alipofika kituoni. Alipofika mara ya tatu hakuyarudia. Aliketi tu kwenye benchi la mapokezi, mkoba mapajani, akamtazama mpaka Inspekta mwenyewe akayakumbuka.

Mumewe, Twalibu, alikuwa ameondoka nyumbani miaka mitano iliyopita. Amekwenda Kigoma kufanya biashara ya samaki wa mapambo, ndivyo ilivyosemwa. Hakurudi, hakupiga simu, hakutuma hata salamu kwa mdomo wa mtu. Alichotuma ni samaki.

Hapo ndipo kesi nzima ilipokwama, na hapo ndipo Awadhi alipoichukia. Kila baada ya miezi michache treni ya Kigoma ilishusha ndoo yenye mfuniko katika stesheni ya Tabora. Ndani yake mlikuwa na mifuko ya nailoni iliyotiwa maji na kujazwa hewa, na katika kila mfuko samaki wadogo wa ziwani, wenye milia, wazima wanachezesha mapezi. Juu ya ndoo liliandikwa jina la mtumaji: Twalibu. Kaka yake mkubwa, Fundi Shomari seremala, alikwenda kuipokea kwa baiskeli, akaipeleka uani kwake, kwenye banda la zamani alilolikarabati likawa chumba kizima cha samaki. Shamila alipokwenda kwa masheikh kuomba ndoa ivunjwe, Shomari naye alikwenda, akawawekea mfuko wenye samaki hai juu ya meza. "Mume yupo," aliwaambia. "Maiti hatumi samaki." Wazee wale walicheka, na Shamila akarudishwa nyumbani akasubiri.

"Naomba kitu kimoja tu, Afande," alisema siku hiyo ya tatu. "Kama yu hai, niambieni, nimdai talaka yangu nijue moja. Kama amekufa, nipeni nikae eda. Nguo nyeupe nilishanunua zamani. Iko chini ya sanduku inaliwa na mende."

"Kesho, dada," Awadhi alimjibu. "Nipe mpaka kesho."

Hakuwa anampiga chenga. Jana yake alikuwa amempata kwa simu muuza samaki wa Kigoma, mtu mmoja aitwaye Nestory, baada ya miezi ya kufuata njia isiyofika popote. Njia hiyo alikuwa ameoneshwa na Shomari mwenyewe. Shomari alimnong'oneza kwamba Twalibu ana mwanamke mwingine huko ziwani, anaitwa Amne, ndiyo maana anaona haya kurudi. Polisi wa Kigoma walimtafuta Amne mpaka wakampata, mama mtu mzima mwenye wajukuu, anayeuza mihogo, ambaye hakuwahi kulisikia jina la Twalibu na aliwauliza askari kama wamekosa kazi.

Nestory ndiye aliyefungua mlango. "Huyo Twalibu sijamwona kwa macho," alisema kwenye simu. "Ananipigia, naagizwa samaki, nalipwa, natuma. Ananiambia niandike jina lake juu ya ndoo."

"Sauti yake ikoje?"

"Ya mzee. Anakohoa sana. Kikohozi kikavu, mpaka unamhurumia."

Twalibu alipoondoka alikuwa kijana wa miaka thelathini na mbili mwenye kifua cha mchezaji mpira. Lakini kikohozi kile Awadhi alikijua. Ni cha vumbi la mbao, na alikuwa akikisikia katika kila maziko ya mtaani kwao Isevya tangu utoto wake. Maiti wa Kiislamu hafukiwi kwa kumwagiwa udongo mwilini. Ndani ya kaburi huchongwa mwanandani, shimo jembamba la kumtosha yeye tu, akalazwa humo kwa ubavu wa kulia, uso ukielekea kibla. Juu yake hupangwa mbao, na juu ya mbao ndipo udongo unapoteremka. Mbao hizo, kwa mtaa mzima, zilitoka karakana ya Shomari, bure, kwa thawabu. Alizikata mwenyewe, akazibeba mwenyewe, akasimama ukingoni akizitoa moja moja huku akikohoa. Za baba yake Awadhi alizitoa hivyo hivyo. Ndiyo sababu Inspekta aliiweka simu chini akiwa na uchungu mdomoni kama mtu aliyetafuna mwarobaini.

*

Asubuhi iliyofuata alikwenda na Koplo Julieth, msichana wa Nzega asiye na maneno mengi, pamoja na mwenyekiti wa mtaa awe shahidi wa upekuzi. Nyumba ya akina Shomari iko kando ya barabara ya zamani, ile waliyopita wapagazi na meno ya tembo yao kwenda na kurudi Ujiji. Siku hizi inapitwa na bodaboda. Nyumba zote upande huo zimejipanga kuifuata barabara, na mabanda ya uani nayo yamezifuata nyumba. Msikiti mdogo tu nyuma ya ua ndio umekaa mshazari, kwa kuwa wenyewe haukujengwa kufuata barabara ya mtu.

Kwenye mlango wa banda alikuwa ameketi Bi Tatu, mama yao, juu ya mkeka, na kibati cha chakula cha samaki mkononi. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Julieth alipiga magoti akamwamkia kwa Kinyamwezi, na bibi akafurahi kama aliyeletewa mgeni wa kwao.

"Na wewe ni nani, baba?" alimuuliza Awadhi.

"Awadhi, mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kuwaona samaki wa Twalibu? Mimi nawalisha kila asubuhi. Siwaoni vizuri, lakini wanakuja juu wananigusa vidole. Mikono yake ndiyo iliyowashika, na mimi nawashika."

 Awadhi alimpigia hodi Shomari, akaingia.

Ukweli usemwe, lilikuwa banda la kupendeza. Kuta zake nene za matofali ya udongo, ambamo babu yao alihifadhi asali na nta, zilikuwa zimepigwa lipu na kupakwa chokaa. Madirisha yalizibwa kwa mbao ili jua lisiharibu maji kwa ukijani. Pande tatu zilisimama meza za mninga zilizoungwa bila msumari hata mmoja, na juu yake matangi ya kioo yaliyogandishwa kwa gundi, kila tangi na taa yake. Pampu ndogo za hewa zilikuwa zikinguruma taratibu, mapovu yakipanda, na samaki wa njano, wa bluu na wenye milia wakipita katikati ya mawe. Pembeni yalipangwa mapipa yaliyojaa maji ya bomba.

"Maji ya bomba hayaingii moja kwa moja," Shomari alieleza. Alikuwa mtu mrefu aliyeanza kupinda mgongo, kofia yake safi, na chembe za vumbi la mbao nyusini. "Yana dawa. Nayaacha pipani siku mbili, dawa ipae. Ukiharakisha unawaua wote."

"Kazi nzuri, Mzee Shomari."

"Wazo ni la Twalibu. Yeye ndiye aliyelianza banda hili kabla hajaondoka. Tangi lake la kwanza ndilo lile dogo pale. Mimi nimemalizia tu, ili akirudi akute liko tayari."

"Mtaa mzima unakusifu."

"Ni mdogo wangu," alisema Shomari, akakohoa.

Awadhi alingoja kikohozi kiishe. "Mzee, nimezungumza na Nestory."

Pampu ziliendelea kunguruma. Shomari alitoa kitambaa mfukoni, akafuta kioo kilichokuwa safi.

"Nestory gani?"

"Wa Kigoma. Muuza samaki. Anasema anayemwagiza ni mzee mwenye kikohozi."

Shomari alikikunja kile kitambaa vizuri, pembe juu ya pembe. Kisha akaanza kulia, bila sauti, machozi yakimshuka tu. "Ni mimi," alisema chinichini, asisikie mama mlangoni. "Ni mimi, Awadhi. Afande. Ningefanyaje? Alipoondoka alitukatia mawasiliano kabisa. Mama alikuwa hali, halali. Ukimpa uji anauliza Twalibu amekula? Nikaona nitamzika. Basi nikaagiza samaki, nikamwambia Twalibu amekutumia. Siku hiyo alikula. Ningeacha vipi tena?"

"Na Shamila? Na wale masheikh?"

"Uongo ukishauanza unakushika shati. Ningesema nini mbele za watu, kwamba namdanganya mama yangu? Mama angesikia kesho yake sokoni."

Maneno yalikuwa na sura ya ukweli, na Awadhi alitamani kuyaamini. Kuagiza samaki kwa jina la ndugu yako si kosa linalompeleka mtu gerezani. Angeweza kuondoka hapo akamwambia Shamila kwamba shemeji yake ni mwongo mwenye huruma, kisha angeandika kwamba Twalibu hajulikani alipo, na jalada lingerudi kabatini. Tayari alikuwa amefunga kalamu yake. Ni Julieth aliyemzuia, naye hakumzuia kwa makusudi. Alikuwa ameinama mbele ya tangi kubwa kuliko yote, lililokuwa ukutani mbele yao, kichwa amekilaza begani.

"Fundi, mbona maji haya yamekaa upande?"

Shomari alijibu upesi. "Maji hayakai upande, binti."

"Ndiyo, najua. Basi tangi ndilo limekaa upande."

Awadhi alisogea. Kweli, upande wa kulia maji yalikuwa yanakaribia kumwagika ukingoni, na upande wa kushoto yalikuwa chini ya ukingo kwa upana wa vidole vinne. Aliinama kuangalia miguu ya meza. Mguu wa kulia ulikuwa umetiwa kabari. Chini ya kabari hiyo ilikuwepo nyingine, na chini yake nyingine tena, ya chini kabisa imeshakuwa nyeusi kwa maji na ya juu bado nyeupe, inanukia mti mbichi. Mtu alikuwa ameunyanyua mguu huo mara kwa mara, na mguu ulikuwa umezidi kuzama.

"Mzee," alisema Awadhi polepole, "wewe ndiye uliyetengeneza milango ya msikiti ule. Tangu lini meza yako ikatiwa kabari?"

"Mchwa, Afande. Mchwa wa Tabora unawajua. Wamekula mguu."

Awadhi alitoa kisu chake cha mfukoni, akauchoma ule mguu. Kisu hakikuingia. Alichoma juu, akachoma chini karibu na sakafu. Ulikuwa mninga mkavu, mgumu kama siku ulipotoka msituni, na mchwa angevunja meno.

"Mguu mzima," alisema. "Sakafu ndiyo inayokwenda chini. Koplo, toa hilo zulia."

Lilikuwa zulia la mpira, limetandazwa ukuta hadi ukuta kwa ajili ya maji yanayodondoka. Shomari alisema litaharibika.  Julieth na mwenyekiti walilikunja kutoka mlangoni, na sakafu ya saruji ikaonekana. Nyufa zilikuwa mbili. Zilitoka chini ya tangi kubwa zikaja katikati ya chumba, zimeachana kwa upana wa mlango, na kipande cha katikati kilikuwa kimebonyea. Mtu alikuwa amezijaza saruji zikapasuka tena, akazijaza tena.

"Maji yanavuja," alisema Shomari. "Udongo umelowa chini. Tangi hili ni zito, nililiweka mwaka huu."

"Udongo ukilowa ungezama kokote," Julieth alisema. "Huu umechagua pa kuzama."

Alichukua nyundo benchini, akaanza kugonga sakafu kwa mpini, kuanzia mlangoni. Sauti ilikuwa fupi, nzito, sauti ya saruji iliyokaa juu ya ardhi. Aligonga akisogea. Alipovuka ule ufa wa kwanza sauti ikabadilika, ikawa ya debe tupu. Alipovuka wa pili ikarudi kuwa nzito. Aligonga tena kwenda na kurudi, na Awadhi akafuata nyuma yake kwa chaki, akiweka alama kila sauti ilipobadilika. Alipounganisha alama hizo alipata umbo refu, jembamba, ambalo upana wake ungetosha mabega ya mtu.

"Pengine lilikuwa shimo la nta la babu yao," mwenyekiti alisema, na sauti yake ilionesha kwamba anaomba iwe hivyo.

"Pengine," alisema Awadhi. "Mzee Shomari?"

"Ndiyo. Shimo la nta. Nilisahau."

"Kilichonishinda mimi," Julieth alisema akiwa bado amepiga magoti, "ni kwamba limekwenda mshazari. Banda limekaa hivi, na shimo limekaa hivi. Mtu anayechimba ndani ya chumba anafuata ukuta. Kwa nini huyu akapinda?"

Awadhi alinyanyua kichwa kumjibu, na mlango ulikuwa wazi mbele yake. Nje, juu ya bega la Bi Tatu, aliuona ukuta wa msikiti, ule wa mbele, wa kibla. Nao ulikuwa mshazari. Aliutazama, akaitazama chaki sakafuni, akautazama tena. Vilikwenda sambamba, kama mtu aliyevuta kamba moja kwa vyote viwili. Waislamu wanaposwali hujipanga kuufuata ukuta ule, bega kwa bega, na wanapozikwa hulazwa kuufuata mstari ule ule, ili wakigeuzwa ubavu wa kulia nyuso zielekee Makka. Awadhi alikuwa ameshuka makaburini mara nyingi kupokea maiti, alikuwa amemlaza baba yake kwa mikono yake. Hakuhitaji dira.

Alivua kofia. Julieth alimtazama akaacha kuuliza.

"Mzee Shomari," alisema Awadhi, na alishangaa kusikia sauti yake imetoka laini, kama ya mtu aliyekwenda kutoa pole. "Ulimteremsha na nani?"

 Shomari aliitazama chaki. Kisha akaketi chini, mgongo kwenye pipa.

"Peke yangu," alinong'ona.

"Kaburini hashuki mtu mmoja."

"Nilishuka peke yangu. Nilimlaza kwanza ukingoni, nikashuka, nikamvuta kifuani kwangu. Alikuwa mzito." Alikohoa. "Nilimwosha, Awadhi. Nilimwosha kwa maji ya pipa lake mwenyewe. Nikamvisha sanda. Nikamswalia, imamu mimi, maamuma mimi. Ningemtupa kama mbwa? Ni mdogo wangu."

"Na mwanandani ukamchongea."

"Nilimchongea."

"Na mbao."

"Nilizokuwa nazo. Zile zile."

Zile zile, mbao laini za bei ya chini alizowapa watu wote wa mtaa, ambazo kazi yake ni kuzuia udongo siku moja kisha zioze kwa amani, kwa kuwa juu ya kaburi hakuna anayejenga. Awadhi aliyaona yote sasa. Kama mtu huyu angechimba shimo la kawaida, akamtia ndugu yake kama gunia na kushindilia udongo, sakafu ingekaa, na Shamila angezeeka akisubiri treni. Lakini Shomari alikuwa mcha Mungu. Alimwachia maiti nafasi yake, kama inavyotakiwa. Mbao zilipooza nafasi ile ilidai udongo, na udongo ukashuka, na juu yake akawa amepandisha matangi, moja baada ya jingine, mpaka hili la mwisho.

"Hili kubwa uliliweka kwa nini?" alimuuliza. "Ulijua kilichopo chini."

Shomari alitazama mlangoni. "Mama. Alisema samaki wa Twalibu wamebanana, wanateseka. Aliniomba. Sijawahi kumkatalia mama kitu."

"Na kilichowagombanisha?"

"Nyumba. Alitaka iuzwe, tugawane, apate mtaji wa samaki wake. Nyumba ya babu. Nikamwambia haiuzwi. Akanicheka, akasema nitafia humu na vumbi langu. Nilikuwa na nyundo ya mbao mkononi. Moja tu, Awadhi. Wallahi nilimpiga moja tu. Shimo la maji machafu alikuwa ameshaanza kulichimba mwenyewe, hapo hapo. Nililinyoosha tu."

Alisema hivyo kwa sauti ya fundi anayeeleza kazi, na pengine ndilo lililomuudhi Awadhi kuliko yote.

"Ulimfanyia kila kitu anachostahili maiti," alimwambia. "Ungemfanyia robo yake alipokuwa hai, tusingekuwa hapa. Koplo, mfunge pingu. Mvue kofia yake, uiache kwa mama."

*

Amri ya mahakama ilipatikana kabla ya adhuhuri, daktari akaja, na kazi ikaanza kwa kumwaga maji. Hapakuwa na namna nyingine, matangi yaliyojaa hayabebeki. Samaki walitiwa kwenye mapipa, wengine katika ndoo ile ile iliyowaleta. Askari walivuta mpira mpaka nje, na maji ya kijani hafifu yakatiririka uani, yakapita ubavuni mwa mkeka wa Bi Tatu. Bibi aliweka kiganja katika mkondo ule.

"Mnawamwaga samaki wa mwanangu?"

Awadhi alichuchumaa mbele yake. Alikuwa amewapasha watu habari za misiba mara nyingi, na alijua kwamba maneno mafupi ndiyo yenye huruma. Alimwambia Twalibu alipo. Alimwambia amekuwa hapo muda wote. Alimwambia ni nani aliyemweka.

Bi Tatu hakupiga kelele. Alikiweka chini kile kibati cha chakula, akakisukuma mbali naye, taratibu, kwa ncha za vidole. "Nimekuwa nikiketi mlangoni kwake," alisema. "Kila siku. Na yule alikuwa ananiletea kahawa."

Saruji ilivunjwa kwa nyundo nzito, na udongo ukaondolewa kwa mikono. Walimkuta alivyosemwa, ubavu wa kulia, uso ukielekea kibla, sanda imebaki nyuzi, na vipande vya mbao vilivyoanguka vimemkalia kifuani. Daktari alionesha mpasuko mmoja nyuma ya fuvu. Kwenye mfupa wa kidole ilikuwepo pete ya fedha, ambayo bila shaka ilikataa kuvuka kifundo alipooshwa, na Awadhi aliitia katika bahasha akaenda nayo nje.

Shamila alikuwa amesimama kwenye ukuta wa msikiti, mbali na umati. Hakuna aliyemwita, habari zilikuwa zimemfuata mwenyewe huko anakouzia vitumbua, na aliacha kikaango motoni. Alikuwa amejifunga kanga nyekundu, unga bado mikononi. Aliitazama pete bila kuigusa.

"Ndiyo," alisema. "Ni ya kwake."

"Pole, dada Shamila."

"Nimeshapoa." Alikaza kanga yake kiunoni. "Basi nitakaa. Nitakwenda nyumbani nikaitoe ile nguo. Eda yangu inaanzia leo, au inaanzia watakapomzika upya?"

Awadhi alikijua kipengele hicho cha sheria, na alitamani kutokijua. Angeweza kumwacha akamuulize sheikh. Lakini masheikh walikuwa wamemcheka vya kutosha.

"Eda inahesabiwa tangu siku aliyokufa," alisema. "Hata kama mke hakujua. Miezi minne na siku kumi, basi."

Shamila aliipiga hesabu hiyo taratibu, na Awadhi aliona ilivyomfikia.

"Kwa hiyo ilikwisha."

"Ilikwisha zamani."

"Nilikuwa sokoni nauza vitumbua," alisema Shamila. "Nimevaa rangi zangu, nimepaka wanja, nacheka na wateja. Kumbe ndiyo nilikuwa eda." Alitazama mikono yake yenye unga. "Hata hiyo shemeji amenilia."

 Awadhi alimpisha njia. Shamila alivuka ua, akipita kando ya mapipa ya samaki na askari waliokuwa wakikunja mipira yao, mpaka mlangoni mwa banda. Bi Tatu alikuwa bado pale pale, kofia ya Shomari iko chini kando yake, hakuna aliyethubutu kumwondoa. Alisikia hatua akageuza uso.

"Nani huyo?"

"Ni mimi, mama," alisema Shamila. "Mjane wa Twalibu."

Bi Tatu alisogea kidogo, akampa nafasi kwenye mkeka.